Nahodha, Ukiwaona Zima Injini

Mashua ikishatoka gatini Shimoni asubuhi na kuingia mkondo wa Wasini, abiria wote huwa macho. Mmoja yuko omo na kamera yake, mwengine amesimama juu ya benchi, watoto wameinama ubavuni wanakagua kila wimbi. Nahodha ametulia tezini. Ghafla mtu anapaza sauti: "Wale!" Mapezi matatu yamechomoza upande wa visiwa vya Mpunguti, yakazama, yakachomoza tena.

Hapo ndipo safari nzima huamuliwa. Nahodha anaweza kuongeza moto awafukuzie, au anaweza kupunguza mwendo, akasimama mbali na kuzima injini. Nimekuwa katika mashua za aina zote mbili. Makala haya nayaandika ili msomaji atakayepanga safari ya kwenda kuwaona pomboo na mapango ya pwani yetu ajue kwa nini ile ya pili ndiyo safari yenyewe.

Shimoni iko kusini mwa pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale. Kutoka Mombasa unavuka Likoni, unashika njia ya Lunga Lunga, kisha unakata kushoto kuifuata bahari. Mbele ya kijiji kuna kisiwa cha Wasini, ambako Waswahili wa Kivumba wanaishi bila gari hata moja. Nyuma ya Wasini kuna Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, na mbele zaidi kisiwa kidogo cha Kisite. Eneo hilo limehifadhiwa tangu miaka ya 1970 na leo linasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Ndani ya hifadhi ya Kisite hakuna ruhusa ya kuvua kabisa. Upande wa Mpunguti wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia zao za asili.

Katika maji haya huonekana hasa pomboo wa namna tatu. Anayeonekana zaidi ni yule wa rangi ya kijivu mwenye mdomo mfano wa chupa, ambaye wataalamu humwita *Tursiops aduncus*. Mkubwa wake hufikia urefu wa mita mbili na nusu hivi. Wa pili ni pomboo mwenye nundu, *Sousa plumbea*, ambaye pezi lake limekaa juu ya kinundu mgongoni. Huyu hupenda maji ya kina kifupi karibu na nchi kavu, na ndiyo maana nyavu na vyombo vyetu vinamfikia kwa urahisi. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile umemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wa tatu ni pomboo mzungukaji, mwembamba, anayeruka juu na kujizungusha hewani kama pia. Huyu hukaa zaidi nje, kwenye kilindi.

Wengi wetu tumelelewa kumwita pomboo samaki. Tazama mkia wake. Mkia wa samaki umesimama wima na hupiga kulia na kushoto, wa pomboo umelala na hupiga juu na chini. Anavuta hewa kwa tundu lililo utosini, ana damu ya moto, anazaa na kunyonyesha. Mimba yake huchukua takriban mwaka mzima. Huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha kwa miaka miwili au zaidi, na hupita miaka kadhaa kabla hajazaa mwengine. Mnyama anayezaa polepole namna hii hawezi kurudisha haraka hasara anayopata. Jarife likinasa majike wachache tu katika kundi dogo, pengo lao huonekana kwa miaka mingi.

Jambo ambalo abiria wengi hawaambiwi ni kwamba pomboo huishi kwa masikio. Ana macho mazuri, lakini macho chini ya maji hayafiki mbali. Mvua ikinyesha bara na mito ikamwaga udongo, hata mita chache hazionekani. Sauti haina shida hiyo. Majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa hiyo pomboo hutoa milio mifupi mikali, mfano wa kudatisha vidole upesi upesi. Milio hiyo huitengeneza kwa viungo vilivyo chini ya lile tundu la pumzi, na kinyama cha mafuta kilicho kwenye paji la uso huikusanya na kuielekeza mbele. Ikigonga samaki, mwamba au ubavu wa mashua, mwangwi hurudi. Pomboo huupokea mwangwi huo kupitia mafuta yaliyo katika taya la chini, ambayo huufikisha sikioni. Kwa njia hiyo hujua kitu kiko wapi, kina ukubwa gani na kinaelekea wapi. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. La pomboo hupita 100,000.

Zaidi ya hiyo milio ya kutafutia, pomboo hupiga miluzi. Kila mmoja ana mluzi wake anaoutunga angali mdogo, na wenzake humtambua kwa huo kama sisi tunavyotambuana kwa majina. Mama na mtoto wakitengana katika maji machafu huitana kwa miluzi mpaka wakutane.

Sasa tia injini katika picha hiyo. Rafadha inapozunguka kwa nguvu hutengeneza mapovu yanayopasuka, na kelele zake hutapakaa pande zote. Kwa pomboo hali hiyo ni sawa na ukungu mzito kumwangukia dereva barabarani. Milio yake ya kutafutia chakula inafunikwa, na mluzi wa mama haufiki kwa mwana. Mashua moja inayopita kwa mwendo wa taratibu si neno. Mashua tano zinazozunguka kundi moja, kila moja ikigombea kupita mbele, ni jambo jingine kabisa.

Madhara ya kuwazunguka hivyo yamepimwa hapa hapa Uswahilini. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo waliwahi kuwindwa ili nyama yao iwe chambo cha kuvulia papa. Katika miaka ya 1990 uwindaji huo ulikoma na wavuvi wakaanza kuwapeleka wageni kuwatazama. Ulikuwa mgeuko mwema, kwa pomboo na kwa mfuko wa mvuvi. Lakini watafiti waliofuatilia makundi ya Kizimkazi kwa miaka mingi walikuta kwamba mashua za watalii zikiwepo, pomboo hupunguza kupumzika, hupunguza kula na kuchezeana, na muda mwingi huutumia kusafiri, yaani kuhama. Pomboo hulala kwa kupumzisha nusu moja ya ubongo huku nusu nyingine ikikaa macho ili aendelee kupanda juu kuvuta pumzi. Akivurugwa kila asubuhi hupoteza mapumziko anayoyahitaji. Mama anayenyonyesha ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu anahitaji kula zaidi na kutulia zaidi.

Asubuhi moja nilikuwa katika mashua iliyowafukuzia. Tulikuwa vyombo sita juu ya kundi moja lililokuwa na mtoto, na mtoto huyo alikuwa amejibana ubavuni mwa mamake. Kila walipozama tuliwakimbilia pale tulipodhani watatokea. Baada ya dakika kumi walizama na hatukuwaona tena. Abiria walirudi na picha za povu. Niliona haya, maana nilikuwa nimelipa nauli kama wengine na sikusema neno.

Safari nyingine, na nahodha mwengine, tuliwaona kutoka mbali. Alipunguza mwendo, akaenda sambamba nao kwa muda, kisha akazima. Mashua ikaanza kubembea. Kwa dakika chache hatukusikia kitu ila maji yakipiga ubavu. Halafu tukasikia *pfuu*, pumzi ya kwanza, kisha ya pili karibu zaidi. Pomboo wanne walikuja wenyewe, wakapita chini ya mkuku, mmoja akageuka ubavu akatutazama kwa jicho moja. Mtoto mmoja aliyekuwa nasi alilaza sikio kwenye mbao za chombo akasema anasikia kitu kinalia kama bawaba. Alikuwa anasikia kweli: sehemu ya miluzi yao iko ndani ya uwezo wa sikio letu, na mbao huipokea.

Mambo ya kumwomba nahodha wako si mengi. Asiwaendee kwa mbele wala kuwafuata kwa nyuma, aende nao sambamba. Abaki mbali, angalau mita 50, wao ndio waamue kusogea. Kama tayari kuna mashua mbili au tatu, asubiri zamu. Dakika 20 au 30 zinatosha. Asilikate kundi katikati, na kundi lenye mtoto aliachie nafasi zaidi. Wewe nawe usijitupe majini juu yao. Ukitaka kuogelea, utaogelea Kisite kwenye matumbawe, ambako maji ni ya kina kifupi na samaki ni wa kila rangi. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua, na usikanyage tumbawe: ni kiumbe hai, na tawi unalolivunja kwa unyayo huenda limechukua miaka kukua.

Msimu nao una maana. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa shwari na maji safi. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa na safari nyingine huahirishwa. Lakini ni miezi hiyo ya kusi, kuanzia Julai, ambapo nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari baridi za kusini mwa dunia kuja kuzaa katika maji ya vuguvugu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Uliza mapema saa ya kujaa, maana ndiyo inayopanga saa ya kutoka na kurudi.

Ukirudi kutoka Kisite utateremka Wasini kwa wali wa nazi, kaa na mwani. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe, ambapo akina mama wa kisiwa wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko. Mawe yaliyosimama hapo kama minara yalikuwa matumbawe hai. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu zaidi ya ilivyo leo, na mwamba huu ulijengwa chini ya maji na viumbe wa namna ile ile unaowaona Kisite. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Maji ya mvua yanapopita hewani na udongoni huchukua gesi ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, wa kutosha kuyeyusha chokaa tone kwa tone. Mawimbi nayo hula mwamba kutoka chini. Hivyo ndivyo mapango ya pwani yetu yalivyochimbika, na ndivyo Shimoni ilivyopata jina.

Pango la Shimoni liko hatua chache kutoka gatini. Unashuka ngazi, jua linabaki juu, mizizi ya miti inaning'inia kutoka kwenye matundu ya paa. Chokaa iliyoyeyuka imeganda ikawa michirizi inayoning'inia. Kuna kisima, na kuna mahali ambapo watu wameomba dua tangu zamani. Na kuna vyuma vilivyopigiliwa ukutani. Wazee wa hapa husimulia kwamba watu waliotekwa bara walifungwa humu wakingojea majahazi ya kuwapeleka soko la Unguja, biashara ya watumwa ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar aliipiga marufuku baharini kwa mkataba wa 1873. Leo pango linasimamiwa na wanakijiji wenyewe, na kiingilio unacholipa kinabaki hapo.

Ukifika ndani, mwombe anayekutembeza azime tochi kidogo. Utasikia matone. Utasikia popo wakiruka juu yako bila kugusa ukuta wala kugusana, kwa sababu nao, kama pomboo, hutoa milio na kusikiliza mwangwi. Viumbe wawili wasio na undugu wa karibu, mmoja wa giza la pango na mmoja wa giza la maji, wamejaliwa kipawa kile kile. Na ukinyamaza zaidi utaisikia bahari. Wale waliofungwa hapa waliisikia pia. Wengi walitoka bara, huenda hawakuwahi kuiona, na waliijua kwanza kwa sauti yake, gizani, bila kujua inawaita wapi. Hakuna picha inayoweza kukupa hilo.

Manahodha wa Shimoni wanaijua bahari hii kuliko sisi sote. Anayewafukuzia pomboo, mara nyingi hufanya hivyo kwa kudhani ndicho abiria wake wanachotaka, na abiria tumemfunza hivyo kwa kupiga makofi kila anapowakaribia. Basi na tumfunze upya. Kabla kamba haijafunguliwa, msalimie, mpe mkono, umwambie: "Nahodha, sisi hatuna haraka. Ukiwaona, kaa mbali uzime. Tutawasikiliza."