Vita vya Mbali, Mbali na Nani?

Tarehe 7 Desemba 2017, giza lilipoingia, wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, walikishambulia kituo cha Umoja wa Mataifa karibu na mto Semuliki, wilayani Beni, mashariki mwa Kongo. Wengi waliokuwa ndani walikuwa askari wa Tanzania. Watanzania 15 walikufa na wenzao zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Wiki moja baadaye majeneza yaliyofunikwa bendera yaliagwa Upanga, Dar es Salaam, na baadhi yakavushwa bahari kwenda kuzikwa Zanzibar.

Mzazi aliyepokea jeneza lile ana haki ya kuuliza: mwanangu alifia nini huko? Mwaka 1978 swali hilo lilijijibu lenyewe. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamekalia ardhi ya Kagera, na wananchi wakatoa ng'ombe, magari na vijana wao. Semuliki haikuwa na jibu jepesi namna hiyo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa Machi 2018 ulizidisha uchungu: hapakuwa na mpango wa kutekelezeka wa kuwaongezea nguvu waliozingirwa wala wa kuwaokoa, uongozi na uratibu ulikuwa na kasoro, na usafiri wa anga uliohitajika haukupatikana.

John Mueller, mtaalamu wa siasa wa Marekani, alichunguza vita vya Korea na Vietnam akaona kuwa kadiri vifo vinavyoongezeka ndivyo umma unavyovichoka vita. Waliomfuata wakamrekebisha: watu huvumilia hasara kubwa wakiamini kuwa ushindi upo njiani. Hoja zote mbili zina ukweli, lakini zote zinaitazama shaka juu ya vita kutoka kwenye nyumba iliyotoa askari. Watu ambao vita vinapiganwa mlangoni kwao hawamo kabisa. Ndiyo maana nimeileta Beni katika sura hii.

Mauaji ya raia yalipamba moto huko Oktoba 2014. Brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliyoundwa 2013 na kupewa idhini ya kushambulia, ilikuwa imekwisha kusaidia kuwashinda waasi wa M23, kwa hiyo matumaini yalikuwa makubwa. Sasa mtazame mama mwenye shamba la kakao upande wa Mbau. Kakao ikiiva haimsubiri mtu. Tunda hupasuliwa, mbegu huvundikwa siku kadhaa, kisha huanikwa juani. Ukichelewa, matunda yanaozea mtini. Kila alfajiri mama huyu anajiuliza: niende au nisiende? Magari meupe ya Monusco, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, anayaona barabarani. Shambani, anakoweza kukutana na panga la muuaji, hayaoni. Hicho ndicho kipimo chake cha vita, na mimi sijaona kilicho sahihi zaidi.

Shaka ya Beni ilikua juu ya hesabu ya namna hiyo. Novemba 2019, baada ya raia kuuawa usiku huko Boikene, mjini Beni, waandamanaji waliichoma moto ofisi ya meya na kuivamia kambi ya Monusco. Aprili 2021 wanafunzi walipiga kambi siku kadhaa kwenye ofisi hiyohiyo, wakimtaka Rais Tshisekedi wa Kongo aje awasikilize. Julai 2022 ghadhabu ilifika mji wa Butembo: tarehe 26 askari mmoja wa Moroko na polisi wawili wa India waliuawa, na raia nao wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata Monusco ikauhama mji.

Kuwaua wale watatu kulikuwa kosa kubwa, nalisema bila kusita. Novemba 2018, huko Kididiwe karibu na Beni, askari wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alikufa akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa. Mtu wa namna hiyo hakustahili kubezwa kuwa mtalii, kama wengi walivyozoea kuwaita askari wa kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa. Ila mama wa Mbau haulizi kama askari ni wema. Anataka kujua ni lini vita hivi vitamrudisha shambani.

Uganda nayo iliingiza askari Kongo kuwapiga ADF tarehe 30 Novemba 2021, wiki mbili baada ya mabomu kulipuka Kampala. Wabunge kadhaa walilalamika kuwa Bunge halikuulizwa. Upande wa Kongo, wapo waliopata matumaini, na wapo waliokumbuka vita vya 1998 hadi 2003, ambavyo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda, Februari 2022, ivilipie fidia ya dola milioni 325.

Kwa hiyo, msomaji uliye Dar es Salaam, Kampala au Lilongwe, utakapousikia mjadala wa kuwarudisha askari au kuwabakisha, usiishie kuuliza wamekufa wangapi wa kwetu. Uliza pia kama njia ya kwenda mashambani Mbau na Oicha imefunguka. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2025, huko Ntoyo wilayani Lubero, watu zaidi ya 60 waliuawa na ADF, wengi wao wakiwa msibani. Operesheni ya Uganda ilikuwa inakaribia kutimiza miaka minne.