Ajax (tamthilia)

Ajax ni tanzia iliyoandikwa na Sophocles, mtunzi wa Athens katika Ugiriki ya Kale aliyeishi karne ya 5 KK. Ni mojawapo ya tamthilia zake 7 zilizohifadhiwa kamili hadi leo. Inahusu shujaa aliyepoteza heshima yake, na ubishi uliozuka kuhusu mazishi yake.

Kisa

Tamthilia inatokea katika kambi ya Wagiriki wakati wa Vita vya Troia. Achilles alipouawa, silaha zake zilitakiwa kupewa mpiganaji bora aliyebaki. Ajax, mwana wa Telamon kutoka kisiwa cha Salamis, aliamini zinamstahili yeye, lakini alipewa Odysseus. Usiku alitoka na upanga ili amuue Odysseus pamoja na wakuu wa jeshi, Agamemnon na Menelaus. Mungu wa kike Athena akamvuruga akili, naye akachinja mifugo ya jeshi akidhani ni adui zake.

Akili zilipomrudia alijawa na aibu. Tecmessa, mateka wa vita aliyeishi naye kama mke, alimsihi asimwache yeye na mtoto wao Eurysaces waje kufanywa watumwa. Ajax alijifanya kukubali, kisha akaenda peke yake ufukoni na kujiua kwa upanga aliowahi kupewa na Hector wa Troia.

Ubishi juu ya mazishi

Menelaus na Agamemnon walikataza maiti isizikwe, jambo ambalo kwa Wagiriki lilikuwa fedheha kubwa. Teucer, ndugu yake wa baba mmoja, aliwapinga bila mafanikio. Aliyewashinda kwa hoja ni Odysseus: alikiri kwamba Ajax alikuwa adui yake, lakini akasema kuwa baada ya Achilles hapakuwa na mpiganaji bora kuliko yeye, hivyo kumnyima kaburi ni dhuluma. Ajax akazikwa.

Heshima na urithi

Kwa Ajax, mtu wa ukoo bora huishi kwa sifa au hufa kwa sifa. Hakuna njia ya tatu. Msimamo huo ulimfanya shujaa vitani, na ndio uliomwangamiza. Hata hivyo jina lake halikuokolewa na upanga wake, bali na adui aliyeweza kuweka chuki kando.

Watazamaji wa Athens walimheshimu Ajax hata nje ya jukwaa. Kabila mojawapo kati ya 10 za raia wa mji huo, zilizoundwa na Kleisthenes, liliitwa Aiantis kwa jina lake. Herodotus anasimulia kwamba kabla ya mapigano ya Salamis mwaka 480 KK, Wagiriki walimwomba Ajax na baba yake wawasaidie.

Katika karne ya 21, mradi wa Theater of War wa Marekani umesoma sehemu za tamthilia hii mbele ya wanajeshi na familia zao, ili kuanzisha mazungumzo kuhusu majeraha ya akili yanayoletwa na vita.