Ziwa Albert: Tufunge Mazalia, Tuache Ziwa Wazi

Mahagi-Port, upande wa Kongo, iko pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Albert, jirani na ncha ambako Nile huingia ikitokea maporomoko ya Murchison, kisha hutoka tena kuelekea Pakwach. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 160 hivi, lakini hata penye maji mengi zaidi kina chake hakifiki mita 60, ilhali Tanganyika inapita mita 1,400. Kina hicho kifupi ndicho neema ya Albert, maana rutuba inayoletwa na mito haizami ikapotea, bali huchanganyika na kulisha samaki. Ndicho pia udhaifu wake, kwa sababu hakuna sehemu ya ziwa ambayo wavu haufiki. Samaki wa hapa hawana kilindi cha kujifichia. Kwa hiyo mipaka ya uvuvi haiepukiki, na ninavyoona mimi, mahali pa kuiweka kwanza ni kwenye mazalia ya ufukweni: mafunjo, mabwawa ya kando na midomo ya mito.

Wapo wanaosema samaki bado wapo tele, na wanaonyesha magunia yanayopakiwa kwenda Bunia. Magunia yapo kweli, lakini tuangalie kilichomo ndani. Katikati ya karne ya 20 wavuvi wa Albert walitegemea samaki wakubwa: sangara, ambaye Kongo tunamwita kapiteni, pamoja na ngege, angara na mpoi. Mpoi leo ni adimu. Kufikia muongo wa 2010, upande wa Uganda, ambako takwimu zimekusanywa vizuri zaidi, samaki wawili wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, muziri na ragoge, walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliovuliwa. Mizani inaweza kuonyesha tani zilezile, au hata zaidi, huku jamii moja baada ya nyingine ikitoweka. Anayepima uzito peke yake hataiona hasara mpaka imeshatimia.

Hasara hiyo huanzia kwenye maji ya magoti. Ngege dume huchimba kishimo cha duara kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike hutaga humo. Kisha jike huyakusanya mayai mdomoni, akayaatamia humo na kuwalinda watoto kwa muda wa wiki moja hadi mbili, huku akila kidogo sana. Mayai yake ni mamia kadhaa, pengine elfu moja au mbili, si mamilioni kama ya sangara, kwa hiyo kila jike ana thamani kubwa. Sasa fikiria kokoro, ule wavu mrefu unaozungushwa kutoka ufukweni na kuvutwa nchi kavu na watu wa pande mbili. Mvuto mmoja hufukia vishimo, humnasa jike pamoja na watoto aliowabeba, na huzoa vifaranga vya sangara vilivyokuja kujificha kwenye majani. Nyavu za mbu zinazoburutwa kando ya mafunjo hufanya vivyo hivyo. Mvuvi hupata beseni moja la samaki wasio na bei, na ziwa hupoteza kizazi kizima.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusifunge ziwa lote kwa miezi kadhaa, kama ilivyofanyika Tanganyika? Huko nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana, na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ni hatua ya kuheshimiwa, lakini uvuvi wa Tanganyika unategemea zaidi samaki wachache wa maji ya katikati. Albert ina aina zipatazo 50, na hazizai kwa msimu mmoja: nyingine hufuata mvua na kupanda mitoni, nyingine hutaga karibu mwaka mzima. Miezi mitatu ya kufunga ingewasaidia baadhi na kuwakosa wengine, tena ingezima moto jikoni kwa kila familia ya pwani. Kufunga mazalia mwaka mzima kunawalinda wengi, na kunamwachia mvuvi maji mengine yote.

Pingamizi jingine lina uzito. Muziri na ragoge, dagaa hawa wadogo, ndio chakula cha watu wa kipato cha chini. Huzaa haraka na hustahimili kuvuliwa sana, na hawakamatiki bila wavu wenye macho madogo. Hilo ni kweli, ndiyo maana marufuku ya nyavu zote ndogo ingekuwa kosa. Wavu huohuo unaofaa katikati ya ziwa huwa sumu ukiletwa ufukweni, kwa kuwa huku haubagui dagaa mzima na kifaranga cha sangara. Sheria ya Kongo haikuandikwa kwa mazingira haya: dikrii ya uwindaji na uvuvi ni ya tarehe 21 Aprili 1937, kabla nyavu za nailoni hazijaenea katika maziwa yetu. Tunahitaji kanuni inayotaja mahali pamoja na chombo, si chombo peke yake.

Pingamizi zito kuliko yote ni njaa. Jimbo letu la Ituri limeishi na vita na ukimbizi kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa 2018 maelfu kwa maelfu walivuka ziwa hili kwa mitumbwi kukimbilia Uganda. Aliyepoteza shamba hushika wavu, na kila kanuni mpya huogopwa kuwa mlango mpya wa kutoza faini. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana napendelea kanuni chache zinazoweza kukaguliwa mchana, nchi kavu, mbele ya watu: maboya ya kuonyesha eneo lililofungwa, kamati ya wavuvi na wachuuzi wa samaki waliochaguliwa na wenzao, na risiti kwa kila faini. Mwenye kokoro apewe muda na mkopo wa kubadilisha wavu kabla ya kunyang'anywa.

Inabaki hoja ya jirani: tukiacha sisi, watavua wao. Uganda ilipeleka jeshi kusimamia uvuvi katika maziwa yake kuanzia 2017, na wavuvi wa Kongo wamekamatwa mara nyingi kwa kuvuka mpaka usioonekana majini. Nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa kusimamia pamoja maziwa Edward na Albert mwaka 2018; kinachokosekana ni kuushusha hadi kwenye fukwe. Lakini mazalia ya upande wetu hayasubiri saini ya mtu. Kifaranga aliyekulia kwenye mafunjo ya Mahagi hukaa miezi yake ya kwanza humohumo, na atakapotoka akiwa mkubwa atavuliwa kwanza na walio karibu naye. Serikali ya jimbo na wavuvi wanaweza kuanza na ghuba chache mwaka huu, wakahesabu ngege na sangara wanaofika sokoni, na kuongeza nyingine matokeo yakithibitika.