Kubandika 237 Hakulifikishi Gari Thika

Swali limerudi. Safari hii limetoka kwa kijana wa Kimbo, Ruiru, anayeandika programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi: "Mwalimu, nimechora kishale cha kipanya chenye umbo la nyundo, nikabadilisha .png ikawa .cur, lakini kompyuta inakikataa. Niongeze nini?" Kabla yake aliuliza mwanafunzi wa Thika, na kabla ya huyo fundi wa saiba kule Makongeni. Wote walielekezwa na "rafiki anayejua kompyuta". Ningependa sana kukutana na rafiki huyo.

Usiongeze kitu. Ulichofanya ni kubandika namba ya njia 237 kwenye kioo cha matatu ya 145. Abiria wa Thika watapanda, na gari litaishia Ruiru.

Faili ya PNG huanza na baiti nane zisizobadilika: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Zitabaki hapo hata ukiiita shangazi.cur. Faili ya kishale ya Windows huanza na sifuri, kisha namba 2, kisha idadi ya picha zilizomo, kila namba ikichukua baiti mbili. Anayepakia kishale husoma baiti hizo. Jina ni la kukusaidia wewe na folda yako. Mpakiaji akikuta 137 mahali pa sifuri, anarudi mikono mitupu. Nawe, kwa kuwa hukukagua jibu, unaukabidhi utupu huo kwa dirisha lako kana kwamba ni kishale. Windows inakutii: inaonyesha utupu. Kishale kinatoweka, na mwenye duka anatuma mtu mjini akanunue kipanya kingine.

Rafiki yetu ana dawa ya pili: "Basi anza na .ico, halafu uibadilishe iwe .cur." Hii ni mbaya zaidi, maana kuna wakati inaonekana kufanya kazi. Ikoni na kishale ni karibu pacha. Kwenye ikoni, ile namba 2 huwa 1. Baada ya hapo kila picha ina maelezo ya baiti 16, na ndani yake mna baiti nne zenye maana mbili tofauti. Kwenye ikoni zinataja matabaka ya rangi na biti za kila pikseli, kwa kawaida 1 na 32. Kwenye kishale zinataja mahali panapobofya: safu gani, mstari gani. Programu isiyokagua aina ya faili itasoma safu ya 1, mstari wa 32. Picha yako ina mistari 32, inayohesabiwa kuanzia 0 hadi 31. Umebofya nje ya picha yako mwenyewe! Karani anaweka nyundo juu ya "Lipa", na kinachobonyezwa ni "Futa" kilicho chini yake.

Sijifanyi mtakatifu. Nilimchorea mwenye duka la pembejeo mjini Ruiru kishale cha jembe, kwa C#, nikaigeuza picha kwa GetHicon. Nilikionea fahari siku nzima. Lakini GetHicon hutoa ikoni, na ikoni haina ncha, yaani pale mahali panapobofya. Windows huchukua katikati ya picha. Jembe langu lilikuwa linalima kwa mpini. Tena niliunda jembe jipya kila kipanya kilipogusa kitufe, bila kuharibu la zamani. Windows huipa kila programu nafasi 10,000 za vitu vya kuchorea. Alasiri vitufe vilianza kukosekana kwenye skrini, mwenye duka akanipigia simu, na sitasimulia aliyosema.

Na kile kisanduku cheupe kinachozunguka kishale? Weupe ni rangi. Vishale vya zamani vina matabaka mawili ya biti: sifuri na sifuri ni nyeusi, sifuri na moja ni nyeupe, moja na sifuri ni "acha skrini ilivyo", moja na moja ni "geuza rangi iliyopo". Kwa pikseli 32 kwa 32, kila tabaka ni baiti 128 tu. Vishale vya sasa hubeba kiwango cha uwazi cha kila pikseli, lakini kiwango hicho hakipo kwenye JPEG. Nembo uliyotumiwa WhatsApp kama picha imekufikia ikiwa JPEG, uwazi umekwisha. Omba itumwe kama dokumenti.

Wala usikimbilie vifurushi vya vishale vya bure. Mwaka 2007 kishale chenye mwendo kilitosha kuwafungulia wavamizi mlango wa Windows, na Microsoft ikatoa kiraka tarehe 3 Aprili nje ya ratiba yake ya kawaida.

Haya, njia zenyewe, haraka. Windows: CreateIconIndirect, fIcon iwe FALSE, taja ncha, na ukimaliza haribu ulichounda. Qt: mpe QCursor picha na namba mbili za ncha. Java: createCustomCursor, lakini uliza kwanza getBestCursorSize, la sivyo picha yako itanyooshwa. Tkinter kwenye Windows: alama ya @ na njia ya faili halisi ya .cur; kwenye Linux, XBM pamoja na barakoa yake. Skrini zenye pikseli nyingi: weka ndani ya faili hiyo hiyo picha za 48 na 64 pia. Na kama mteja anataka tu kishale kikubwa kwa sababu macho yamechoka, usichore chochote. Fungua mipangilio ya Windows, usogeze kitelezi.

Kijana wa Kimbo, nitumie ile PNG ya nyundo, kama dokumenti, na uniandikie namba mbili: safu na mstari wa pikseli inayogonga msumari.