Uainishaji wa Kibotania wa Mgomba Chotara katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Mgomba ni mmea wenye majimaji mengi usio na ubao; shina lake ni maganda ya majani yaliyofumbatana. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, wakulima huugawa kwa matumizi: ndizi za kupika na ndizi za pombe. Mgawanyo huo hauoneshi nasaba. Migomba ya nyanda za juu, ya kupika na ya pombe, ni AAA, yaani ina seti tatu za kromosomu za *Musa acuminata*. Kisubi, ingawa ni ya pombe, ni AB, chotara wa spishi hiyo na *Musa balbisiana*. Simmonds na Shepherd (1955) walibainisha tofauti hizo kwa sifa 15, zikiwamo mabaka ya shina na mfereji wa kikonyo. Kwa hiyo, sampuli ya utafiti wa magonjwa iliyoteuliwa kwa kigezo cha matumizi pekee huchanganya nasaba mbili.