Ngiri shambani: darubini ya bunduki nayo ina vipimo vyake

Msimu uliopita ngiri walikuwa wanatufukulia mahindi yakiwa bado mafupi, tukamwita askari wa wanyamapori. Kabla ya kupiga alinionyesha darubini ya bunduki yake. Ndani kuna msalaba, na chini yake vialama. Nafasi moja ni mili 1, yaani sentimita 10 ukiwa mita 100, sentimita 20 ukiwa mita 200. Ngiri dume ana kama sentimita 70 begani, hivyo akijaza nafasi 3.5 yuko mita 200. Risasi ya .308, bunduki ikiwa imerekebishwa kwa mita 100, hapo imeshuka kama sentimita 12. Unapandisha shabaha zaidi kidogo ya nusu nafasi.

Hesabu safi! Ila risasi ikamparuza ngiri mgongoni, akazama kichakani na jeraha. Tulimsaka hadi saa kumi jioni. Ngiri aliyejeruhiwa si wa kuchezea, hakuna aliyethubutu kwenda kupalilia.

Mimi nikahesabu mistari, kutoka tulipokuwa mpaka aliposimama: 133, kila mmoja sentimita 75. Mita 100 tu. Kumbe vialama vya darubini ile ni sahihi ikikuza mara 10, na yeye aliiacha mara 5. Nafasi moja ikawa mili 2. (Zipo ambazo vialama hukua pamoja na picha, hizo hazina shida hiyo.)

Wewe bila kibali usiguse bunduki. Ila askari akija, mtajie umbali kwa mistari yako, na umuulize darubini inakuza mara ngapi.