Nyuso Zisizokuwamo Katika Beji

Wapo wanaodhani kuwa kukusanya beji kuukuu ni mchezo wa watoto waliokataa kukua. Sikubaliani nao. Chukua mfano wa zile beji ndogo za wachezaji wa besiboli wa Marekani, ambazo watu wazima wenye akili timamu huzigombea mnadani kwa fedha nyingi.

Beji hizi ni zao la ufundi wa mwaka 1896, kampuni ya Whitehead & Hoag ya mjini Newark ilipopata hataza ya kuifunika picha ya karatasi kwa seluloidi angavu na kuibana juu ya kisahani cha bati chenye pini nyuma. Mwaka uo huo wagombea urais McKinley na Bryan waliwamwagia wapiga kura beji za namna hiyo. (Sisi tuliokua tukiiona beji ya chama kwenye ukosi wa koti la kila mkubwa hatuhitaji kuelezwa nguvu ya kidude hicho.) Wafanyabiashara nao hawakulaza damu. Kati ya mwaka 1910 na 1912 sigara za Sweet Caporal ziliuzwa pamoja na beji zenye upana wa sentimita 2 hivi, zikiwa na picha za wachezaji zaidi ya 150, Ty Cobb na Christy Mathewson wakiwamo.

Mimi ni mtu wa isimu, na kilichonivuta kwanza ni herufi. Baadhi ya wachezaji walichapishwa mara mbili: jina kwa herufi ndogo, na jina lilo hilo kwa herufi kubwa zaidi. Zile za herufi kubwa ni adimu, na kwa hiyo ghali. Picha ni ile ile, mchezaji ni yule yule! Lakini sisi wanaisimu, tunaoshinda kutwa tukipima tofauti ya sauti mbili, hatuna haki ya kumcheka mtu wa aina hiyo.

Mkusanyaji hodari huigeuza beji kwanza. Je, karatasi ya tangazo iliyobanwa nyuma ingalimo? Kisha hutafuta madoa ya kahawia. Maji yakipenya ukingoni, bati hushika kutu, na kutu hupanda karatasini chini ya seluloidi, mahali pasipofikiwa na kitambaa chochote. Anayejaribu kuiosha huiangamiza.

Hata hivyo, nina kijineno na wakusanyaji hawa. Wanajua kuuhesabu uadimu wa herufi. Natamani wangehesabu pia nyuso. Moses Fleetwood Walker, Mmarekani mweusi, aliichezea Toledo katika ligi kuu mwaka 1884. Baada ya hapo mlango ulifungwa kwa maafikiano ya wenye timu, hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers mwaka 1947. Zipange basi beji zote za Sweet Caporal mezani: hutaona uso mweusi hata mmoja, ilhali wachezaji weusi hodari walikuwako, wakicheza katika timu zao wenyewe.

Robinson alipoingia, beji zake zilichapishwa na mashabiki wakazivaa hadharani. Kwangu mimi, mkusanyo wa beji za 1910 usiowekewa walau moja ya hizo kando yake haujakamilika, hata uwe na herufi kubwa zote.